Marahaba, Wifi

"Leo umesahau tangawizi," mumewe alisema, akakiacha kijiko ndani ya bakuli.

Mkewe, mwokaji wa mikate, alikuwa amempa kisogo, anasuuza blenda.

"Tangawizi gani?"

"Ile unayotia kwenye supu ya boga. Ya juzi ilishuka vizuri, hata fizi hazikuuma."

Mwokaji alifunga bomba. Hakuwa amepika boga kwa muda mrefu sana. Harufu yake ilimtapisha wakati wa ujauzito, na ujauzito ule ulipoharibika ukiwa umeshakua, boga halikuingia tena jikoni mwake. Mumewe alilijua hilo. Yeye ndiye aliyelitupa la mwisho.

"Nimepitiwa," alisema.

Mumewe aliendelea kunywa, hana habari kwamba ameteleza. Chakula kikishasagwa hakina sura. Viazi, maharage, boga, vyote huwa uji tu, na mtu anayelishwa kwa vyungu viwili asipokuwa makini huchanganya wapishi.

Mume huyu alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa jinsi mguu wake ulivyokaa tayari kwenye breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu. Meno yake ya mbele yalipandana kama watu wanaogombea mlango, na mkewe alimpenda nayo hivyo hivyo. Siku moja akasema anataka kuyanyoosha, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni. Mkewe alishangaa lakini hakumpinga. Siku hizo walikuwa wanaishi kama wapangaji wanaochangia choo. Tangu wamzike mtoto asiyelia, kila mmoja alikuwa na upande wake wa kitanda na kimya chake.

Kisha akarudi kutoka kliniki na waya mdomoni, anatokwa machozi kwa kipande cha mkate laini. Mwokaji akapata kazi ya kufanya kwa mikono yake. Alimpa dawa ya maumivu mapema, ili chakula kikifika na dawa iwe imeshafanya kazi. Alimpondea mayai na ndizi mbivu, akamkatia maganda ya mkate na kuulowesha kwenye maziwa, akampoozea uji. Alimchemshia maji ya chumvi ya kusukutua, na waya ulipomkwaruza shavu akamfundisha kukausha jino na kubandika nta juu ya waya. Maumivu yakipungua daktari anakaza tena waya, na siku chache zile za mateso zinaanza upya. Mume alikuwa analaza kichwa begani kwake. Walianza hata kucheka, maana "samaki" alilitamka "thamaki". Mwokaji aliamini kwamba ndoa yake inarudi, kijiko kwa kijiko, na hakuna kitu kingine alichokitaka duniani.

Sasa boga.

Mume alikwenda bafuni kusukutua. Simu yake ikaita juu ya meza. Kwenye kioo kuliandikwa: *Mwanafunzi wa Jioni*. Mwokaji hakuwa na tabia ya kupokea simu za watu. Aliipokea.

"Halo?"

Upande wa pili sauti ya msichana ikachangamka.

"Bila shaka ni wifi. Shikamoo, wifi."

Mdomo hujibu salamu kabla akili haijafika.

"Marahaba," mwokaji alisema.

Msichana alikuwa na furaha ya kweli. Alisema ametamani sana kumfahamu dada mkubwa wa mchumba wake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki na bado anamfulia. Yeye ni mshonaji, alianza kujifunza gari, mambo mengine yakafuata. Akauliza kama supu ya boga ilimfaa, maana alipotoka kwake juzi alikuwa bado ameshika shavu.

"Ilimfaa," mwokaji alisema. "Ameisifu hapa hapa mezani."

"Asante Mungu. Mwaka huu uishe tu, wifi, watoe hizo waya. Amesema hafungi ndoa na chuma mdomoni, anataka picha za harusi zitoke vizuri. Gauni nimeshaanza kulikata."

Mwokaji aliketi. Kule bafuni maji yalikuwa yanazunguka kwenye mashavu ya mumewe, yale maji ya chumvi aliyochemsha yeye.

"Alhamisi anakazwa waya," alisema taratibu. "Njoo hapa jioni na supu yako. Tule kifamilia."

Alimwelekeza nyumba, akamwomba asimwambie, iwe mshangao. Akafuta simu ile kwenye orodha, akaiweka simu pale ilipokuwa. Siku zilizofuata alimpondea mayai kama kawaida. Chozi halikuonekana. Kazini tu, wenzake walimwambia unga unakandwa, haupigwi ngumi.

Alhamisi mshonaji alifika mapema, sufuria imefungwa vizuri kwa kitambaa. Alikuwa binti mzuri, na adabu zake zilizidi kuumiza. Alikataa kukaa kiti cha mbele ya wifi yake, akaomba aoshe vyombo. Mwokaji alimwacha aoshe. Alitazama mikono ile midogo ikisugua bakuli la mumewe, akatafuta chuki ya kumchukia, hakuipata. Alipata uchovu.

Mlango ukafunguliwa. Breki aliingia ameshika taya. Alipoona nani yuko jikoni, mkono ukashuka wenyewe.

"Karibu," mkewe alisema. "Umeletewa supu, na leo tangawizi ipo."

"Mdomo unaniuma," alinong'ona. "Siwezi kuongea."

"Sitaki hotuba. Mwambie mgeni mimi ni nani wako."

Mshonaji alicheka, akidhani ni utani wa ndugu.

"Jamani, si dada yako huyu?"

Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Mke wangu," Breki alisema, akitazama sakafu.

"Sijasikia."

"Ni mke wangu."

Mshonaji alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta sindano iliyopotea. Akamgeukia mwokaji.

"Tangu lini?"

"Tangu hujajua klachi iko mguu gani."

Binti alijishika kwenye meza. "Nimekuita wifi," alisema. "Jikoni mwako. Nawe ukaniitikia."

"Nilikuitikia kwa sababu hukunikosea. Huyu ndiye aliyetubandika majina. Beba sufuria yako, mwanangu. Ishike vizuri isikumwagikie njiani."

Aliibeba. Mlangoni alisimama mbele ya Breki, wakadhani atammwagia supu. Alimwambia tu kwamba gauni atalifumua, kitambaa hakina kosa. Akatoka.

Breki alikaa kwenye kiti na kuanza kulia, na kulia nako kulimuuma, kwa hiyo alilia mdomo wazi kama mtoto.

"Nisamehe, mke wangu."

"Kumbe neno 'mke' ukijaribu linatamkika."

"Nyumba hii ilikuwa matanga. Ulikuwa huniangalii. Kule nilikuwa nacheka."

"Ilikuwa matanga, sikatai. Tulifiwa. Mimi nilikaa na msiba, wewe ukaenda kutafuta harusi." Sauti yake haikupanda. "Ningekuelewa ungesema umechoka. Lakini ulilaza kichwa hapa begani nikakulisha, kumbe nanyoosha tabasamu la picha za mtu mwingine."

"Nilikuwa nimeanza kukupenda tena. Hizi siku za maumivu, naapa."

Hilo ndilo lililomvunja, kwa sababu alimwamini. Aligeukia ukuta, mabega yakatikisika, na mume aliponyanyuka kumshika akamwambia asimguse.

"Nyumba ni ya marehemu baba yangu," alisema alipoweza kusema. "Ulikuja na begi moja, litakutosha."

Breki aliondoka kabla jua halijazama, bila kula.

Wiki kadhaa zilipita. Mshonaji alituma ujumbe mmoja wa pole na hakutuma tena. Breki alipanga chumba karibu na shule ya udereva. Alituma kaka, akatuma rafiki, wote wakapewa chai na jibu lile lile. Asubuhi moja mwokaji anafunga aproni kazini, simu ikatetemeka mfukoni.

*Waya umechomoka nyuma unanitoboa shavu. Sijala tangu jana. Nifanyeje?*

Alisimama na simu ile mpaka mwenzake akamuuliza kama kuna msiba. Akasema ulikuwepo. Kisha akaandika:

*Sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kausha jino, bandika nta. Kunywa uji uliopoa. Usikate waya mwenyewe, nenda kliniki leo wakurekebishie. Mengine yote muulize daktari, mimi usiniulize tena.*

Akautuma. Akaizuia namba, akakunja mikono ya shati, akaingiza ngumi kwenye unga.