Swali Alilouliza Winfrida Kutoka Bishkek

Ndugu zangu wa Mandewa hapa Singida, na ninyi wa Utemini mnaojifanya jambo hili haliwahusu, leo nasema. Nimenyamaza kwenye jumuiya, nimenyamaza kisimani, nimenyamaza hata pale mlipokuwa mnapunguza sauti kila nikipita. Mimi mama Alute nimechoka kunyamaza. Kama kuna atakayeona namchafulia Andrea jina, ajue jina hilo alilichafua mwenyewe zamani, mimi nalitaja tu.

Nianze na siku za amani, maana zilikuwepo. Nyumba ya Magdalena na yangu zimetenganishwa na ua wa minyaa. Msimu wa alizeti, Magdalena alikaa uani akipura, mjukuu wake Happiness akiokota punje zilizoruka, na binti yake Winfrida, mama wa Happiness, alikuwa na cherehani yake mlangoni akishona sare za kwaya. Winfrida alikuwa fundi. Alikutazama mara moja tu, na gauni lilikukaa. Alikuwa na vicheko vya ghafla, anacheka peke yake akikumbuka jambo la juzi, mpaka mama yake anamwambia ashone kwanza.

Ndipo akarudi Andrea, kaka mkubwa wa Winfrida, kutoka Bishkek. Huo ni mji wa mbali huko Asia ya Kati, nchi ya milima na theluji, na alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya nguo. Alirudi na jaketi zito, akalivaa mchana kwenye jua letu la mwezi wa kumi. Jasho linamtiririka, na hakuna aliyethubutu kumwambia alivue. Akapanga nyumba Utemini, akaandaa chakula cha shukrani, na sisi tukaenda kula na kusikiliza.

Alisema, "Baridi ya kule iko nje tu. Ndani joto linatoka ukutani lenyewe. Mimi nilikaa ghorofani, nalala na singlendi, nje theluji inafika magotini."

Magdalena akamuuliza, "Mwanangu, na lugha je? Ukiumwa unakwenda wapi? Mnapikia nini?"

"Mama, hayo maswali ya kizamani. Kule kila kitu kipo."

Watu wakacheka, Magdalena akainamia sahani yake. Nawaambia, hayo ndiyo yalikuwa maswali pekee ya maana yaliyoulizwa siku ile. Andrea alikuwa ameishi kule miaka. Alijua viatu gani haviterezi kwenye barafu. Alijua kwamba mgeni akifika lazima akaandikishe anuani yake haraka, la sivyo polisi watamsumbua kila kona. Alijua maneno ya kuomba msaada kwa Kirusi, lugha inayotumika sana kule. Hakumfundisha dada yake hata moja. Alitusimulia habari za theluji na maduka yenye taa, basi.

Karakana ile ilipotafuta mafundi wengine, Winfrida akaomba akapata. Alimwacha Happiness kwa mama yake, akaondoka pamoja na Faith, binti kutoka Kintinku aliyejifunza naye ushonaji. Waliagwa kwa nyimbo. Andrea ndiye aliyeongoza sala ya safari.

Huko hawakuikuta ghorofa. Karakana iliwapeleka kwenye kijumba pembeni ya mji, uani kwa bibi mmoja wa Kikirigizi, mwenyeji wa huko. Bomba la maji lilikuwa nje, asubuhi limeganda, wanalimwagia maji ya moto. Ndani kulikuwa na jiko kubwa la matofali lililojengwa ukutani, la makaa ya mawe, na kwenye bomba lake la moshi kulikuwa na kibati cha kuvuta na kusukuma. Ukikivuta, moshi unatoka. Ukikisukuma, bomba linaziba na joto linabaki ndani. Bibi mwenye nyumba aliwaeleza kwa lugha yake, akaonyesha kwa mikono, akashika kichwa, akafumba macho kama mtu aliyelala. Hawakumwelewa. Walidhani anawaambia nyumba ni nzuri kwa usingizi.

Lakini Winfrida hakuwa mjinga. Aliona kuna jambo hapo, akaona wa kumuuliza yupo. Akampigia kaka yake simu.

Simu ile mimi niliisikia. Ilikuwa Jumapili, mtoto wa Andrea amepata kipaimara, tumejaa sebuleni kwake. Andrea ana tabia ya kuweka simu za ughaibuni kwenye spika, wote tusikie.

"Shikamoo kaka," Winfrida akasema.

"Marahaba mdogo wangu. Uko hewani, watu wote wanakusikia. Wasalimie."

Akatusalimia. Kisha akasema, "Kaka, naomba nikuulize. Hapa tunapokaa kuna jiko la makaa, lina kibati kwenye bomba la moshi. Nikingoja moshi uishe kabisa, makaa yamebaki mekundu tu, naweza kukiziba ili joto lisitoke? Baridi inatuua. Bibi wa hapa alitueleza hatukumwelewa."

Nilikuwa nimekaa karibu na Andrea. Nilimwona akitutazama mmoja mmoja. Mzee mmoja akauliza, "Makaa tena? Si ulisema joto linatoka ukutani?" Watu wakaanza kutabasamu.

Andrea akacheka kwa nguvu. "Winfrida, umekwenda kukaa wapi wewe? Mimi majiko hayo siyajui, nilikaa ghorofani."

"Ndiyo kaka, lakini labda uliwahi kusikia..."

"Fanya kama mama anavyofanya hapa nyumbani. Moshi ukiisha, umemaliza. Vitu vidogo hivyo usinipigie mbele za watu."

Akakata simu, akaita soda ziongezwe.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wetu tungekosea. Sisi watu wa Singida tunaijua baridi ya mwezi wa saba na ule upepo wetu. Tunawasha jiko la mkaa nje, tunapepea, tunasubiri moshi uishe, kisha tunaliingiza ndani tuote. Tumelelewa tukijua kwamba moshi ndio mbaya, na mkaa mwekundu usio na moshi hauna neno. Si kweli. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na inatoka hata moshi ukiwa umekwisha. Hapa kwetu wengi wameponea kwenye matundu ya paa na madirisha yasiyofunga vizuri, na wako ambao hawakupona. Kule Bishkek nyufa zote wanaziba kwa matambara ili baridi isiingie. Sumu ikiwa ndani, haina pa kwenda.

Faith ametusimulia yaliyofuata. Ilikuwa siku ya mapumziko, naye amekwenda sokoni kununua viazi. Winfrida alifua, akawasha jiko, akangoja kwa uvumilivu mpaka moshi ukaisha, kama alivyoambiwa. Akaziba bomba, akajilaza kidogo. Faith aliporudi mchana ule alimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Alikuwa ameamka akajaribu kutambaa. Faith akapiga kelele, bibi akaja mbio, akavunja dirisha kwa koleo, wakamburuta hadi nje kwenye theluji.

Bibi yule alilia, akawa anarudia jina moja. Andrea. Andrea. Faith akadhani amesikia vibaya. Walipofika hospitali akapatikana mtu wa kutafsiri, na maneno ya bibi yalikuwa haya: "Kwani yule Andrea wa kwenu hakuwaambia? Naye alikaa nyumba ile ile. Naye aliziba bomba makaa yakiwa bado mekundu. Naye tulimtoa pale pale, tukamlaza pale pale kwenye theluji."

Ghorofa haikuwahi kuwepo. Majiko hayo aliyajua vizuri kabisa. Nusura yamuue.

Winfrida hakufa. Amerudishwa, yupo kwa mama yake. Anatembea akishikwa mkono, vidole vinatetemeka, uzi hauingii tena kwenye sindano. Kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Siku ya kwanza alimtazama Happiness kwa muda mrefu, akamuuliza Magdalena kwa adabu, "Mama, huyu mtoto ni wa nani?" Siku hizi Happiness akiamka anakwenda kwanza kitandani kwake. "Shikamoo mama. Mimi ni Happiness, mwanao." Wakati mwingine anaitikiwa.

Andrea alikuja, safari hii bila jaketi. Magdalena hakumfokea. Alimuuliza tu, "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukamwambia afanye kama mimi."

"Watu walikuwa wamejaa, mama. Wangenicheka."

Magdalena akamtazama. "Wangekucheka, kisha wangekwenda zao majumbani kwao. Mimi ningekuwa na binti."

Andrea akalia. Wapo waliomhurumia. Mimi sikumhurumia, na mpaka leo sijaona sababu.

FUNZO

Wewe unayekwenda kufanya kazi ugenini, usiulize kuhusu theluji na ghorofa. Uliza nitakaa wapi, nitaota moto gani, nitaandikishwa wapi, nikiumwa nimwite nani na kwa maneno gani. Usizibe kamwe bomba la moshi wakati makaa bado mekundu, na hapa nyumbani usilale na jiko la mkaa ndani, hata liwe halina moshi.

Na wewe uliyerudi. Ulilala kwenye kijumba? Sema kijumba. Uliteseka? Sema uliteseka, sema ulivyopona. Hakuna anayekudai ghorofa. Uongo wako ukiwa wa kujipamba tu, tutacheka yaishe, lakini kuna mtu anauamini, anaufunga kwenye begi na kuondoka nao.

Nasi tunaokaa kusikiliza, tujifunze kufunga midomo. Kicheko chetu ndicho kilichoogopwa sebuleni mle.

Winfrida aliuliza kwa heshima, kabla mambo hayajaharibika, na alimuuliza mtu aliyekuwa na jibu. Maneno mawili yangetosha: usizibe, dada.