Jicho la Mama na Daraja Lililofungwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiuzi alimtungia mama yake sindano na kuzichomeka kwenye kimto kando ya cherehani. Jina hilo la utani alipewa kwa wembamba wake. Mama alikuwa fundi hodari wa nguo, lakini presha ya macho ilikuwa ikimwibia nuru, hasa jicho la kulia. Daktari wake alikuwa ng'ambo ya daraja, katika nchi jirani, na mama alizoea kuvuka kwenda kwake kama mtu aendaye sokoni.

Kisha ikaja serikali mpya. Wakubwa wa zamani walikula na jirani sahani moja. Hawa wapya wakaona sifa ni kununa. Wakamfukuza balozi, wakafunga daraja. Macho yao wao yalikuwa mazima.

Kila alasiri, akitoka shule, Kiuzi alipita kwa kinyozi wa mtaani kusoma gazeti ili akampe mama habari. Siku hiyo liliandika kwamba daraja halitafunguliwa mpaka jirani aombe radhi.

"Na jirani naye anasema haombi!" kinyozi alidakia, akimgeuza mteja kichwa. "Watu wazima, wamenuniana kama watoto waliogombania mpira."

"Wewe nyoa," mteja akasema. "Usinikate sikio kwa siasa zako."

Nyumbani mama aliuliza, "Wamesemaje leo, mwanangu?"

Kiuzi akalitazama jicho lile jekundu. 

"Wanapatana, mama. Wiki ijayo watafungua."

Mama akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika humo ndani kwa siku nyingi. Basi kila alipouliza, Kiuzi akamwongezea uongo mwingine, mtamu kuliko wa jana.

Siku moja mjomba, dereva wa lori, akaja ili ampeleke mama hospitali kuu, mwendo wa siku nzima.

"Kaka, nizunguke dunia ya nini?" mama akakataa. "Wiki ijayo navuka hapo tu."

Kiuzi alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia yote, akampisha mjomba apite. Mjomba akawasha lori, akaenda zake.

Wiki zikapita. Asubuhi moja mama aliamka akiugulia kichwa, na jicho la kulia halioni hata mwanga wa dirisha. Kiuzi akapiga magoti.

"Mama, nilikudanganya. Hawakupatana hata siku moja."

Mama hakumkaripia. Alimpapasa uso, kisha akasema taratibu, "Mwite mjomba wako."

Hospitali kuu walimfanyia upasuaji. Jicho la kushoto likapona. La kulia, daktari alisema, lilichelewa mno.

Kiuzi alilia kwenye benchi la korido. "Mjomba, mimi ndiye niliyempofua."

Mjomba akaketi kando yake.

"Waliofunga daraja ndio wenye deni kubwa, na hakuna atakayewadai," akasema. "Walisema wanatulinda. Wewe ulidanganya kwa mapenzi. Lakini ugonjwa, mpwa wangu, hauulizi uongo umetoka moyo gani. Unaendelea na kazi yake. Habari mbaya mpe mwenyewe mapema, angali ana nguvu za kutafuta njia nyingine."

Kiuzi akafuta machozi, akaingia wodini, akasimama upande wa kulia wa kitanda. Mama alisikia nyayo zake. Ilimbidi ageuze kichwa chote ndipo amwone.