Jina la Kipa wa Kaskazini

Sámal alituacha asubuhi ya Jumanne, katikati ya mwezi wa pili. Alikuwa chumbani kwake anavaa buti aende kuangalia kondoo. Binti yake, Birita, alikuwa jikoni chini anamimina kahawa. Alisikia buti la kwanza likigonga sakafu juu ya kichwa chake, akasubiri kishindo cha la pili. Hakukisikia. Alimwaga ile kahawa, akapanda ngazi polepole, kwa maana alikwisha kujua.

Kwa miaka thelathini na mmoja Sámal alikuwa sauti ya Roysni, timu ndogo ya mtaa wa mabondeni pale Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu vya kaskazini. Yeye ndiye aliyesoma majina ya wachezaji kwenye kipaza sauti, akatangaza magoli, akaomba mwenye gari jekundu aliondoe mbele ya geti. Katika miaka yote hiyo Roysni haikuchukua kombe hata mara moja, lakini haikushuka daraja pia. Kwa hilo la kutoshuka Sámal alitamba kama mtu anavyotamba kwa ajili ya watoto wake.

Wiki moja baada ya mazishi, mwenyekiti wa timu, Hjalgrím, alikuja na keki mkononi. Akala nusu yake mwenyewe kabla ya kusema lililomleta.

"Nani atasoma majina, Birita?"

"Mimi sijui mpira."

"Baba yako naye alikuwa hajui. Alijua kusoma."

Basi siku ya kwanza ya ligi, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, Birita alisimama kwenye foleni ya kahawa ndani ya jengo la klabu, amevaa koti la mvua la baba yake lililomfika magotini, mfukoni ana daftari la marehemu. Mle ndani palijaa. Sweta zilizolowa zilitoa harufu ya kondoo, soseji zilikuwa zinachemka, watu wanapigana vikumbo na kuombana radhi. Mbele yake alijipenyeza kijana mrefu mwenye suti ya mazoezi ya buluu, rangi ya wageni, viganja vyake vipana kama koleo. Kifuani alikuwa amekumbatia paja zima la kondoo lililokaushwa kwa upepo.

"Samahani dada, mzee Sámal yuko juu?"

"Hayupo."

"Leo kachelewa? Yule mzee hachelewi. Mwambie kipa wa Norðlys amemletea nyama yake."

Birita akalishika daftari mfukoni. Bibi Malena, aliyekuwa anamimina kahawa za watu tangu Birita hajazaliwa, akaweka birika chini.

"Tróndur, mwanangu, ulikuwa wapi wewe? Sámal tumemzika."

Kijana alikuwa Norwe mwezi mzima, anafunga nyaya za umeme kwenye meli. Hakuna aliyemwambia. Alibaki amesimama katikati ya foleni, masikio mekundu, lile paja mikononi kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Birita akamtazama, akajikuta anacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ile Jumanne.

"Unanicheka?"

"Unavyolishika. Utafikiri litalia."

"Nimelikausha mwenyewe tangu mwezi wa kumi. Kila mwaka namletea. Alikuwa ananiambia jina langu analisoma vizuri kuliko mama aliyenizaa."

"Leo nitalisoma mimi. Mimi ni binti yake."

"Utaliweza?"

"Wewe zuia mipira, kaka. Kusoma niachie mimi."

Alizuia mipira yote. Roysni ilifungwa mbili bila. Kesho yake jioni simu ya Birita ikalia.

"Nani kakupa namba yangu?"

"Bibi Malena. Nimempa nusu ya paja."

"Kwa hiyo mimi bei yangu nusu paja?"

"Nusu ya nyuma, Birita. Yenye mafuta."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Toka mjini hadi Klaksvík, kwao Tróndur, ni mwendo mfupi siku hizi, barabara inapita chini ya bahari. Jumapili alikuja kumchukua na gari lake lililojaa waya na bisibisi. Kule chini, kwenye mzunguko wa barabara uliochongwa ndani ya mwamba, penye taa za kijani na buluu, Tróndur aliuzunguka mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Umepotea?"

"Sijapotea. Sitaki kufika."

Birita aligeuza uso dirishani asionekane alivyotabasamu. Siku hiyo alikuwa amevaa skafu ya manjano aliyoifuma mwenyewe, maana kazi yake ni duka la nyuzi za sufu, na rangi nyeusi alikuwa ameivaa wiki nne mfululizo.

Kila Roysni ilipocheza nyumbani, Birita alipanda kwenye kile chumba cha mbao juu ya jukwaa, akalifungua daftari la baba yake ukurasa wa kwanza. Sámal aliandika kwa penseli. *Mgeni asomwe taratibu kama mwenyeji. Kipa akizuia penalti, taja jina lake na kwao, awe wetu awe wao. Zima kipaza sauti.* Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili.

Masika yakapita, mchana ukawa mrefu hadi watu wakasahau kulala, kisha ukaanza kufupika. Roysni ilikuwa inapoteza. Ilifungwa na timu za mjini, ikafungwa kusini ambako ni saa mbili za meli kwenda na mbili za kurudi na kipigo mfukoni. Kufikia mwezi wa tisa ilikuwa ya pili kutoka mkiani, na mbili za mwisho hushuka. Birita, ambaye hakujua mpira, sasa aliamka akihesabu pointi. Usiku alikuwa anamwambia Tróndur kwenye simu, "Haikushuka kwa baba hata mara moja. Ikishuka mwaka huu, itakuwa imeshuka kwangu."

"Haishuki kwa sauti, mpenzi. Inashuka kwa miguu."

"Wewe hujui."

"Kweli sijui," alisema Tróndur. "Ila nakusikiliza."

Ratiba iliwawekea siku ya mwisho ya ligi Roysni na Norðlys, palepale mabondeni. Zikiwa zimebaki mechi tatu, Roysni ilikuwa nyumbani, na mapumziko yalipofika Birita aliwatangazia watu soseji zilizobaki, akaweka kipaza sauti mezani. Simu ikalia.

"Vipi huko, mrembo wa koti kubwa?"

"Moja moja. Vidole vimeganda. Wewe?"

"Nimelala kama ng'ombe, mguu kwenye barafu. Nimekukumbuka."

"Nami pia. Sikiliza, kipa wangu. Siku ya mwisho ukija hapa, niachie goli moja tu. Moja, mpenzi. Nami nitakupikia supu ya kondoo mwezi mzima."

Kule chini, uwanja ulikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida. Kisha watu mia nne wakaangua kicheko kwa pamoja. Birita akatazama kipaza sauti. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka.

Jioni ile redio ililitaja jambo hilo. Nchi yenyewe ina watu elfu hamsini na kidogo, na karibu wote wana shemeji uwanjani. Jumatatu dukani, mama mmoja wa heshima zake aliweka pochi mezani akasema, "Nipe mabonge mawili ya buluu, mwanangu, na goli moja la nyongeza." Mwingine akauliza kama supu bado ipo. Birita alicheka nao, akaenda nyuma ya rafu, akasimama pale mpaka macho yalipokauka.

Tróndur alipiga siku ya tatu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama wima.

"Kocha anataka nikae benchi siku ya mwisho. Nimemkatalia."

"Tróndur, ulikuwa utani."

"Mimi najua. Nikifungwa siku hiyo, hata kwa bahati mbaya, nani mwingine atajua? Tunahitaji sare tu tucheze mashindano ya Ulaya mwakani. Wenzangu wananitazama kwenye basi, Birita."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Usinipigie mpaka mechi iishe. Nami sitapiga."

Simu ikakatika. Angekuwa mtu mwingine, pengine angelisikia neno hilo kama lilivyosemwa: mpaka mechi iishe. Lakini aliyefiwa huzoea kusikia milango ikifungwa, na Birita alisikia mlango. Alitoa kwenye mfuko wa koti glovu moja ya Tróndur, aliyoiomba kwa mchezo mwezi wa tano, akaitia kwenye droo ya baba yake pamoja na miwani.

Siku mbili kabla ya mechi ya mwisho alimwendea Bibi Malena.

"Tafuteni mtu mwingine wa kusoma."

Yule bibi alikuwa anafuta vikombe. Hakuinua kichwa.

"Ukikaa nyumbani, watasema mlipanga kweli."

"Na nikisoma?"

"Watasema umesoma. Njoo na skafu, kutakuwa na upepo."

Upepo ulikuwepo. Ulitoka kusini magharibi tangu alfajiri, ukalaza nyasi za mlimani na kuwafukuzia kondoo nyuma ya ukuta wa mawe. Watu walijaa kuliko siku zote za mwaka. Birita alivaa skafu ya manjano na koti la baba yake, akasoma majina ya wageni kwanza, kama daftari lilivyotaka. Alipofika namba moja watu wakaguna na kupiga miluzi, mmoja akapiga kelele, "Supu!" Aliisubiri miluzi iishe, kisha akalisoma jina taratibu. Kule golini, Tróndur alikuwa anafunga glovu. Hakutazama juu.

Dakika themanini na tano zikapita bila goli. Roysni ilihitaji ushindi; sare haikuisaidia kitu. Dakika ya themanini na sita beki wa Norðlys akaushika mpira ndani ya boksi na mwamuzi akaonyesha penalti. Jukwaa likainuka, mbao za kile chumba zikatetemeka miguuni mwa Birita.

Mpira haukukaa. Mara tatu Jóan Petur, mshambuliaji wa Roysni, aliuweka kwenye alama, mara tatu upepo ukauviringisha. Nahodha akaja, akalala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, akaubana mpira kwa ncha ya kidole kimoja, kama inavyofanywa siku za namna hii. Birita aliweka kiganja juu ya daftari. Alitaka liingie. Alilitaka kwa moyo wake wote, na palepale, kwa moyo huohuo, hakutaka yule mtu mrefu aliyesimama mstarini avunjike mbele ya nchi nzima. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja, na hakuomba lolote.

Jóan Petur akapiga, kwa nguvu, chini kulia. Tróndur akaenda kulia. Mpira ukagonga kiganja kile kipana, ukagonga mlingoti, ukatoka.

Hakuna aliyepiga kelele, hata wageni. Ulisikika upepo peke yake. Watu wakageuka, mmoja mmoja, wakatazama juu kwenye chumba cha mbao, kwa sababu wote walijua Sámal alikuwa anafanya nini kipa akizuia penalti. Birita akabonyeza, taa nyekundu ikawaka.

"Penalti imezuiwa," alisema. Akapumua. "Imezuiwa na namba moja wa Norðlys. Tróndur Rasmundsson. Kutoka Klaksvík."

Alilisoma taratibu, kila herufi mahali pake. Halafu kwenye dirisha la kahawa Bibi Malena akaanza kupiga makofi, sahani ya bati ikiwa bado mkononi, na mwingine akamfuata, kisha jukwaa lote. Yalikuwa makofi ya huzuni, lakini yalikuwa makofi.

Mechi ikaisha sufuri sufuri. Roysni ikawa imeshuka.

Birita alikaa akifunga nyaya polepole. Alimwambia baba yake kimoyomoyo kwamba imeshuka, na kwamba jina alilisoma sawasawa. Nyayo zenye njumu zikasikika kwenye ngazi. Zikasimama nje ya mlango. Simu yake ikalia mfukoni.

"Haloo?"

"Mechi imeisha," ilisema sauti, kwenye simu na nyuma ya mlango kwa pamoja. "Uliniambia nini siku ile, nilikuwa sisikii vizuri, watu mia nne walikuwa wanacheka."

"Tróndur. Nilidhani umeniacha."

"Nilisema mpaka mechi iishe."

"Nilisikia ulivyosema, sikuamini."

"Sasa?"

"Ingia, unalowesha ngazi."

Aliingia akiinamisha kichwa, tope hadi kidevuni, simu bado sikioni. Alimtazama kwanza, kisha akatazama lile koti.

"Ulivyolisoma jina langu taratibu vile, nilidhani nimekufa."

"Mjinga wewe." Akalia sasa, waziwazi, uso wake kwenye jezi yake chafu. "Umeishusha timu ya baba yangu."

"Nimeishusha. Ungenipenda kama ningeuacha uingie?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Leo ningekupenda. Kesho sijui."

"Basi nina swali. Kile kitu kimezimwa?"

Birita aligeuka akaangalia. Akabonyeza tena kuhakikisha, na Tróndur naye akainama, akachomoa waya ukutani kama fundi. Ndipo akauliza. Alichouliza na alichojibiwa ndicho kitu pekee cha mwaka ule ambacho Tórshavn nzima haikukisikia siku hiyohiyo. Wenye mji waliambiwa Jumapili, kanisani, kama watu wengine.

Harusi ni mwezi wa saba, ligi zikiwa mapumzikoni. Paja jipya la kondoo linaning'inia kwenye kibanda cha Klaksvík, na litakuwa tayari wakati huo. Mechi ya kwanza ya Roysni katika daraja la pili ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa nane mchana. Atakayesoma majina ni Birita.