Rimoti Aliyozikwa Nayo Lorne

Anayebisha aende mji wa Dauphin, Kanada, kwa rafiki yangu Orest, kama atafunguliwa mlango. Orest alirithi helikopta ya mfano ya marehemu Lorne, ndefu kumzidi mtu. Rimoti ya kuirushia, mjane wa Lorne aliiweka kifuani mwa marehemu, akazikwa nayo. Orest akabadilisha mota, akafunga mapangaboi mapya marefu kama mkono, makali kama wembe. Kipokezi cha mawimbi tu hakukigusa, nacho kilitii rimoti ile moja.

Jioni moja ya theluji umeme ukakatika, naye yuko na helikopta hiyo katika chumba cha chini ya nyumba.

“Wee Orest, pirogi zinapoa mezani! Au umeshalioa hilo dude?” mkewe aliita kutoka juu.

“Nakuja, mama! Ngoja niwashe taa zake nione ngazi.”

Akachomeka betri. Taa zikawaka, nyekundu. Kisha vijimota vya usukani vikalia gizani: nyiii, nyiii. Mapangaboi yakainama kushoto, kulia, kushoto, vile vile Lorne alivyokuwa akitusalimu nayo uwanjani kabla ya kuirusha.

Ngazi ilikuwa ng’ambo ya helikopta.

“Lorne?” akanong’ona.

Mapangaboi yakainama mbele mara moja, kama kichwa kinachoitikia, yakaanza kuzunguka.