Buluu ya Ebba

Rangi ya buluu iliisha kwenye kopo siku ya Jumatano, na Ijumaa picha ikawa na buluu mbichi ambayo hakuna aliyeinunua.

Tyra Lindeblad, mchoraji wa Stockholm, hakushtuka. Kushtuka aliwaachia washamba. Kila Ijumaa saa tisa alasiri, giza la Desemba likiwa limeshaingia, yeye na mabibi wenzake watatu walikunywa kahawa kwa mikate ya iliki, kisha wakampa kalamu Ebba, mdogo wake Tyra, wakangoja roho auongoze mkono wake. Roho huyo, eti, alitoka mbingu za juu kabisa. Na huko kote hakupata wa kuzungumza naye ila wanawake wasiojua hata kuchemsha yai! Aliagiza picha kumi zisizo na mtu wala mti, miduara mitupu: njano ni mwanamume, buluu ni mwanamke. Mabibi wakatoa machozi ya furaha, na Tyra akazichora.

Mpishi wao Gunhild, binti wa mkulima, ndiye pekee aliyemtazama Ebba usoni. Kila picha ilipokamilika, macho ya buluu ya msichana yalizidi kupauka. Baada ya picha ya tisa, Gunhild akachomeka kisu cha chuma juu ya mlango wa chumba cha picha, kama wafanyavyo kwao, pepo asivuke. Ijumaa hiyo kalamu haikusogea, na Ebba akala akashiba.

Tyra alikasirika. "Mambo ya zizini usiniletee, Gunhild. Sisi tuna elimu ya roho, si ushirikina."

"Bibi, mtazame mdogo wako macho."

"Amechoka tu. Kitoe."

"Sikitoi. Nifukuze ukitaka."

Tyra akakitoa mwenyewe. Ijumaa iliyofuata kalamu ilianza kukwaruza meza kabla Ebba hajaishika, taa ikafifia, harufu ya udongo wa kaburi ikapanda kutoka sakafuni hadi kooni, kitu kikapumua nyuma ya turubai, na mabingwa wale wa roho wakakimbia wakikanyagana mlangoni, Tyra akiwa wa kwanza, wakamwacha msichana peke yake.

Gunhild akaingia na kisu, amechelewa. Ebba alikuwa ameketi, macho meupe kama maziwa. Picha ya kumi ilikuwa tayari ukutani: miduara miwili ya buluu, bado inatiririka.

Tyra akachungulia. Hana haya mwanamke yule. Alinong'ona kwamba hiyo ndiyo bora kuliko zote.

"Dada," Ebba akasema taratibu, "mbona nakuona kutoka ukutani?"

Na miduara ikapepesa kama macho.