Filimbi ya Nyumba ya Kona

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, mtu asiyejua kutia chumvi. Wizi ulipozidi mtaani kwao, kila nyumba ilipewa filimbi. Giza likiingia, nyumba ya kwanza inapiga, ya pili inaitikia, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Ikinyamaza moja, majirani wanatoka na marungu.

Jioni moja ilinyamaza nyumba ya kona, ya mwalimu mstaafu. Walimkuta sakafuni ameshauawa, mkono ameunyoosha kuelekea msumari alikotundika filimbi yake.

Baada ya mazishi, majirani walimtuma fundi akaichukue, apewe mpangaji mpya. Aliikuta pale pale msumarini, imejaa vumbi. Akaifuta kwa pindo la gauni, akaitia mfukoni, akafunga mlango. Mara umeme ukakatika mtaa mzima.

Hajafika mbali, filimbi zikaanza gizani, nyumba kwa nyumba. Zamu ya mwalimu ilikuwa irukwe, ndivyo walivyokubaliana. Lakini ililia, ndefu, ikakatikia kwenye kikohozi, kama alivyozoea mzee yule. Nyumba iliyofuata ikaitikia.

Fundi alitimua mbio. Mumewe alikuwa getini na tochi, amefura.

“Mama watoto, una wazimu? Unapigaje zamu ya marehemu?”

“Sijapiga mimi! Haijatoka hata mfukoni.”

Akaitoa, akaiweka kwenye mwanga wa tochi ili mumewe aone vumbi lililobaki. Filimbi ilikuwa na joto, na mdomoni mwake mate yalikuwa yakichuruzika.