Nafasi ya Nne kwenye Rafu ya Viatu

Sefu ilikuwa wazi na haikuvunjwa. Ndani hamkuwa na kitu.

Inspekta Raili Huhtamo wa polisi wa Tampere alichuchumaa mlangoni, akaitazama sakafu. Nje theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope. Ndani ya ofisi mbao zilikuwa safi, hata alama moja ya kiatu haikuwepo.

"Kimeibwa nini?"

"Kijiti," alisema Tuukka Sillankorva, mkurugenzi wa kampuni ya simu za Kuikka. Alikuwa amesimama na soksi. "Cha kuchomeka kwenye kompyuta, kidogo kama kidole. Simu zetu zinatumia mfumo wa Linux, na kila kiraka tunachotuma, yaani marekebisho ya programu, lazima kipigwe saini na kijiti hicho. Bila saini, simu inakikataa."

"Thamani yake?"

"Dukani euro arobaini. Kwetu, ndiyo kampuni yenyewe."

"Kuna kingine cha akiba?"

"Hakuna. Usinitazame hivyo, Inspekta."

Raili aligeukia rafu ya viatu kando ya mlango. Kila nafasi ilikuwa na jina la mtu. Ya nne jina lake lilikuwa limebanduliwa, lakini ndani yake kulikuwa na maji machafu na kokoto za barabarani. Maji yalikuwa hayajakauka bado.

"Mwizi kavua viatu," alisema.

"Mwizi gani anavua viatu?"

"Aliyelelewa vizuri. Nafasi hii ya nani?"

Tuukka alisita. "Ilikuwa ya Ensio, fundi wetu wa viraka. Miaka kumi na moja. Nilimwachisha kazi Oktoba. Watu wanatoa pesa kwa simu mpya, Inspekta. Ya zamani kuitunza, nani atatoa? Nilipiga hodi kila mahali. Mwezi wa tano nilikuwa nitangaze kwamba viraka basi."

"Alirudisha ufunguo wa mlango?"

"Sikumdai. Niliona aibu. Hata namba ya sefu sikuibadilisha."

Ensio Rautalampi alimfungulia Inspekta mlango, akamwekea kahawa na andazi la iliki kabla hajaulizwa lolote.

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Na nani?"

"Mke wangu yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Peke yangu."

"Viatu vyako vilikuwa wapi?"

"Miguuni havikuwepo."

"Usinichezee, mzee."

"Kula andazi, Inspekta. Linapoa."

Maabara ilipata alama za vidole vya Ensio sefu nzima. Lakini aliifungua miaka kumi na moja, zingekosaje? Na maji ya kiatu hayana jina. Raili hakuwa na ushahidi wa kumpeleka popote.

Alhamisi Tuukka alipiga simu, karibu apasuke.

"Mwizi ametuma kiraka!"

"Kibaya?"

"Kizuri! Ameziba tundu la usalama kwenye simu zetu. Kampuni za mtandao zilisema tusipoziba matundu kama hayo, simu zetu zitafungiwa mtandao. Watu wananiandikia asante. Mimi! Mmoja kauliza atume wapi euro tano kila mwezi. Nimjibu nini? Mtumie mwizi?"

Raili alicheka, kisha akaona haya.

Wiki tano zikapita, na kila Alhamisi kiraka kikaja. Mtumaji alificha jina, lakini hakuficha saa. Ni desturi ya mafundi hawa: kila badiliko linaandikwa siku na saa lilipofanywa, hadharani, apendaye asome. Raili akachapisha kurasa zote, akaketi nazo na kalamu.

Mtu huyu alifanya kazi tangu asubuhi, hata Jumapili. Ila kila Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja, hakuna hata mstari mmoja. Saa moja na dakika kumi, anaendelea.

Raili hakuhitaji kufikiri sana. Zamu yake yeye mwenyewe ya kuoga mvuke, katika jengo lake, ilikuwa Jumatano.

Kwenye ngazi za jengo la Ensio palikuwa na orodha ya zamu za sauna ya chini, bafu la mvuke la wapangaji wote. Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa moja: Rautalampi.

Ijumaa hiyo alimsubiri hapo pamoja na Tuukka. Ensio akapanda ngazi, taulo begani, uso mwekundu kwa mvuke.

"Ungebadilisha zamu, nisingekupata," alisema Raili, akamwonyesha karatasi.

"Zamu ya Ijumaa niliisubiri miaka sita. Siitoi kwa mtu." Kisha akashusha pumzi. "Ingieni ndani."

Alivua shingoni kamba ya kiatu. Kijiti kilining'inia hapo.

"Ni mimi. Niliingia na ufunguo wangu."

"Ungeniomba!" alisema Tuukka.

"Ungenipa?"

Tuukka akatazama soksi zake.

"Kwa nini?" aliuliza Raili.

Kabla Ensio hajajibu, simu iliita mezani, Kuikka kuukuu yenye ufa. Akaipokea.

"Nimekula, Marjukka. Ndiyo, samaki. Na wewe lala vizuri." Akaiweka chini taratibu. "Mke wangu. Yake nimeitengeneza mwenyewe, ina kitufe kimoja tu. Nimejaribu kumfundisha simu nyingine, analia. Mwezi huu amesahau jina langu mara mbili. Kitufe hajakisahau. Zikifungiwa hizi, atabonyeza na simu yangu haitaita."

Raili alifunga daftari.

"Kijiti cha euro arobaini ni wizi mdogo," alimwambia Tuukka. "Ukifuta malalamiko, sina kesi. Ukitaka, twende kituoni sasa hivi."

Tuukka alikichukua kijiti, akakigeuzageuza kiganjani.

"Wale wa euro tano," alisema, "wamefika mia tisa. Nimekuwa nikiogopa kuwajibu." Akamtazama Ensio. "Kiraka cha Alhamisi ijayo umekimaliza?"

"Nusu."

"Basi Jumatatu njoo ukimalizie ofisini. Viatu weka palepale."